Lahaja na Kosa katika Kufundisha Watoto Kusoma: Mfano wa Bamburi

Kusoma huanza kwa kugeuza herufi kuwa sauti. Kiswahili humrahisishia mtoto kazi hii, kwa kuwa kina irabu tano tu na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Ndiyo maana walimu huanza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, mpaka mtoto aunganishe ba na ba apate baba. Ugumu hutokea katika maneno kama mto, lenye silabi mbili, m-to, ingawa m haina irabu.

Huko Bamburi, Mombasa, kuna suala jingine. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928. Mtoto aliyelelewa kwa Kimvita husema ndia, mtele na kuya, ilhali kitabuni hukuta njia, mchele na kuja. Akiliona neno njia akatamka "ndia", je, amekosea?

Mwalimu asiharakishe kumkosoa. Na ampe kwanza silabi tupu: nja, nje, njo. Akizitamka sawasawa, herufi anazijua. Amelisoma neno, akalielewa, akalisema kwa lahaja yake. Huyu aelezwe tu kwamba kitabu kina matamshi yake na nyumbani kuna yao. Akishindwa, arudishwe kwenye silabi.

Asiyewatenganisha watoto hawa wawili humrudisha nyuma msomaji hodari, na kumfunza kuwa lugha ya mamaye ni kosa.