Betri ya Motokaa na Utunzaji Wake

Watu wengi hudhani ya kuwa betri ya motokaa ni kama mtungi: umeme humiminwa ndani, ukakaa, kisha ukachotwa kwa kiasi kitakiwacho. Dhana hii imeua betri nyingi kabla ya wakati wake. Mtungi ukiachwa mtupu mwezi mzima hauharibiki, lakini betri ikiachwa tupu hufa. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana, mambo yapitayo ndani ya sanduku hili.

Betri ya namna hii iliundwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kabla motokaa hazijaenea duniani, na asili yake ni ile ile hata leo. Ndani mna vyumba 6, kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo. Katika kila chumba yamepangwa mabamba ya namna mbili: haya ni ya madini ya risasi tupu, na yale ni ya risasi iliyoungana na oksijeni, rangi yake hudhurungi. Yote yamezama katika maji yaliyotiwa asidi kali ya salfa.

Stata ipigwapo, asidi huyashika mabamba ya namna zote mbili na kuyageuza kuwa kitu kimoja, yaani salfeti ya risasi, na katika mageuzi hayo ndimo umeme utokamo. Injini ikisha kuzunguka, alteneta huurudisha umeme. Salfeti huvunjika, na asidi hurudi majini.

Lakini salfeti huvunjika kwa urahisi ingali mpya tu. Ikiachwa majuma mengi huwa chembe ngumu zisizokubali tena kuvunjika, na sehemu ile ya bamba imepotea. Kwa hiyo gari litumikalo kwa safari fupi fupi tu, dukani na shuleni, hudhuru betri yake kuliko liendalo mbali, kwani hutumia umeme mwingi kuamsha injini wala halipati wasaa wa kuulipa. Betri iliyojaa, ikipumzishwa saa kadhaa, hupimwa volti 12.6 au zaidi; ikishuka hata 12 imekaribia kwisha, nayo yataka kuchajiwa siku ile ile.

Adui wa pili ni joto. Katika nchi za baridi watu huilaumu baridi, maana ndiyo iizuiayo betri kuamsha injini asubuhi. Lakini joto ndilo liilalo kimya kimya. Mwenye gari Mombasa au Maskati asistaajabu betri yake ikifa mapema kuliko ya nduguye aliyeko Limuru.

Joto pia hukausha maji. Betri yenye vifuniko vya kufunguliwa itazamwe kila mwezi, na maji yakipungua yaongezwe yaliyokenekwa tu. Maji ya kisima yana chumvi ziharibuzo mabamba. Asidi isiongezwe, kwani iliyopotea ni maji, si asidi. (Betri nyingi za siku hizi zimefungwa kabisa; hizo zisilazimishwe kufunguka.) Unga mweupe uotao vichwani uoshwe kwa maji ya magadi, kisha vichwa vipakwe grisi. Wakati wa kufungua waya, wa hasi utangulie, ili spana ikigusa bodi pasitoke cheche.

Cheche twaitaja kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, hewa ilipukayo. Basi sigara na kibiriti viwe mbali. Asidi ikimrukia mtu machoni, yaoshwe kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali.

Hata ikiisha kufa, betri haijaacha kudhuru, kwani risasi yake yote imo. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa baina ya mwaka 2007 na 2008, katika mtaa ambao risasi ya betri kuukuu ilikuwa ikikusanywa na vumbi lake limeenea mchangani na majumbani. Sumu hii huharibu ubongo wa mtoto, wala mama hawezi kuiona wala kuinusa. Kwa hiyo betri kuukuu isiwekwe uani wachezapo watoto, wala mvuvi asiivunje kuyeyusha chubwi za mshipi wake jikoni. Irudishwe nzima, na asidi yake ndani, kwa muuzaji azipokeaye kuzipeleka kiwandani.