VITAMINI ZA MAMA MJAMZITO NA USONJI WA MTOTO

Akina mama wajawazito wa Dodoma na uwanda wote wa kati, pamoja na waume zao, wanakumbushwa kwamba vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki havina budi kumezwa kila siku kama mkunga alivyoelekeza.

Ukumbusho huu una sababu yake. Tangu mwaka 2016 imeenea duniani habari kwamba foliki asidi ikizidi mno katika damu ya mama huenda ikahusiana na usonji wa mtoto. Mama aisikiapo habari hiyo nusunusu aweza kuvitupa vidonge vyake, akakimbia jambo la shaka na kuliangukia la yakini. Kwa hiyo ni vyema jambo lenyewe lielezwe kwa ukamilifu.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Dalili zake huonekana aghalabu kabla mtoto hajatimiza miaka 3: huchelewa kusema, haitikii aitwapo jina, hamtazami mtu usoni, au hurudia tendo moja mara nyingi. Hali hiyo ilielezwa kitabibu mwaka 1943 na daktari Leo Kanner nchini Marekani. Si laana, si uchawi, wala si matokeo ya malezi mabaya. Urithi wa wazazi una sehemu kubwa, na mambo mengine ya wakati wa mimba yangali yakichunguzwa.

Ama foliki asidi, hiyo ni vitamini ya kundi la B ambayo mwili huitumia kutengeneza damu na chembechembe mpya. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika mapema sana, na mfereji wake hujifunga katika muda wa siku 28 hivi tangu mimba kutunga, ilhali mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vitamini hii ikipungua wakati huo, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 na kutangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo walipopewa foliki asidi kabla ya mimba nyingine, hatari ya kurudia kwake ilipungua kwa asilimia 72. Jambo hili limethibitika.

Kuhusu usonji, matokeo ni ya namna mbili. Nchini Norway, utafiti wa watoto zaidi ya 85,000 uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto ambao mama zao walitumia foliki asidi tangu wiki 4 kabla ya mimba hadi wiki 8 baada yake, usonji ulipatikana kwa mtoto 1 hivi katika kila 1,000. Kwa wasiotumia, ulipatikana kwa watoto 2 hivi. Mwaka 2016, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza habari za akina mama wapatao 1,400 wa mji wa Boston. Wale ambao damu yao baada ya kujifungua ilikuwa na foliki asidi nyingi kupita kiasi, watoto wao walionekana kuwa na hatari maradufu. Hata hivyo, katika utafiti huohuo, waliotumia vidonge vya vitamini kwa kiasi, mara 3 hadi 5 kwa wiki, watoto wao walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Ifahamike kuwa mambo mawili kuonekana pamoja si hoja kwamba moja limezaa jingine. Tafiti hizo hazikuthibitisha kuwa vidonge huleta usonji wala kwamba huuzuia. Funzo lake ni moja: upungufu ni hatari, na kuzidisha bila ushauri hakuna faida.

Katika uwanda wa kati upungufu ndio wa kuogopwa zaidi. Mvua ni za msimu mmoja, na kiangazi hudumu miezi mingi. Ugali wa uwele au mtama huliwa kwa mlenda na mboga zilizokaushwa juani. Kukausha na kuchemsha kwa muda mrefu hupunguza sana vitamini hii. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka sharti la kuongeza virutubishi katika unga wa viwandani, lakini nafaka inayosagwa katika mashine ya kijijini haipati nyongeza hiyo.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Mama ahudhurie kliniki mapema, kabla mimba haijatimiza wiki 12, na anayetarajia kushika mimba aombe ushauri wa foliki asidi kabla yake.

(b) Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.4 za foliki asidi kwa siku, pamoja na miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma.

(c) Kidonge cha foliki asidi cha miligramu 5 kisitumiwe ila kwa amri ya daktari, kwa mfano kwa mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Kiasi hicho kikubwa hudhoofisha nguvu ya dawa ya SP inayomkinga mjamzito na malaria.

(d) Maharage, kunde, choroko, karanga na mboga za majani mabichi ziliwe kila zipatikanapo, na mboga zisipikwe kupita kiasi.

(e) Mtoto mwenye dalili za usonji apelekwe kituo cha afya mapema, asifichwe ndani.

Akina baba na mama wakwe nao wanaombwa wamkumbushe mjamzito kidonge chake cha kila siku. Mwenye shaka juu ya kidonge amuulize mkunga au mganga wa zahanati yake kabla ya kukiacha.