Mtoto mwenye haya akipanda jukwaani: mzazi afanye nini?

Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wetu husimama mbele ya wageni wakatoa shairi, ngonjera, kwaya au ngoma. Baadaye huja mahafali ya darasa la saba. Kwa wazazi wa Buhare na maeneo mengine ya Musoma, Bunda na Butiama, hizi ni siku za fahari, hasa pale mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama mgeni akibisha hodi anapotoa sauti mbele ya umati. Hapa tunaeleza kinachotokea ndani ya mtoto huyo, na jinsi fahari ya mzazi inavyoweza kumjenga au kumrudisha nyuma.

Haya si ugonjwa

Wapo watoto wanaozaliwa na tahadhari mbele ya watu na vitu vigeni. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Marekani, aliyewafuatilia watoto tangu uchanga hadi ukubwani, alionyesha kuwa tabia hii huanza mapema, lakini haimfungi mtoto maisha yote. Akiitwa jukwaani, moyo humwenda mbio, mdomo hukauka, na maneno aliyoyakariri jana hupotea. Si ujinga wala ukaidi. Ni mwili unaojiandaa kukabili hatari. Kumwita "mwoga" mbele ya wenzake kunamfundisha kwamba ndivyo alivyo.

Aanze na wenzake

Ngonjera inamfaa sana mtoto wa namna hii, kwa sababu ni shairi la majibizano: hasimami peke yake, na ana beti chache za kushika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliwahimiza washairi wapeleke ujumbe wake kwa wananchi. Mathias Mnyampala aliitikia, na tungo zake ziliipa ngonjera nafasi kubwa shuleni. Kwaya nayo humficha mtoto katikati ya sauti nyingi mpaka azoee.

Nyumbani, asikilizwe kwanza na mtu mmoja anayemwamini, labda bibi, kisha wadogo zake, kisha majirani wawili watatu. Kila hatua ikizoeleka, inayofuata huwa nyepesi.

Siku yenyewe

Kutunza ni desturi yetu: mzazi huinuka na noti, vigelegele vikapigwa. Kwa mtoto mchangamfu ni raha. Kwa mwenye haya, kuzungukwa katikati ya ubeti kunaweza kumkatisha. Msubiri amalize, ndipo umtunze. Simu ya kurekodi nayo isimzibe uso wako, kwa maana macho yake yanakutafuta wewe.

Akisahau maneno, usicheke, na usimgombeze njiani kurudi nyumbani. Mwambie ulichokiona: "Ulisahau, lakini ulisimama mpaka mwisho." Sifa ya juhudi humpa la kufanya tena kesho. Sifa ya kumzidi mtoto wa jirani humpa hofu ya kushindwa mara ijayo.

Na akikataa kabisa kupanda? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Mpe kazi nyingine, kama kupiga ngoma nyuma au kupanga viti. Mwaka ujao upo.

Lini kuwa na wasiwasi

Mtoto anayezungumza vizuri nyumbani lakini amekaa kimya shuleni zaidi ya mwezi mmoja, zungumza na mwalimu wake, kisha umpeleke kituo cha afya. Huenda hata masikio yana tatizo. Na mtoto aliyekuwa mchangamfu akanyamaza ghafla, mdadisi kwa upole, kwani huenda kuna mtu anamtendea ukatili. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, na kupiga ni bure.

Mzazi mwenzetu, usipime fahari yako kwa ukubwa wa makofi peke yake. Mtoto wako akishuka jukwaani na kuuliza, "Nitarudi lini tena?", hapo mmeshinda wote wawili.