Kericho Huzuriwa Mvuani

Vitabu vya Kiswahili vya madarasa ya chini humfundisha mtoto kwamba mwaka umegawika majira manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Mgawanyo huo ulizaliwa pwani, penye pepo za kaskazi na kusi, na mtu wa Lamu au Pangani hana la kuukosoa. Lakini mwulize mwanafunzi wa Kericho masika huisha lini kwao, nawe utamwona akisita. Huko mvua hunyesha karibu kila mwezi. Hupungua kati ya Desemba na Februari, hushika kasi Aprili na Mei, kisha huendelea kupanda na kushuka hadi mwaka uishe. Katika sehemu nyingi zenye chai, kipimo chake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka.

Ni miezi hiyo ya Aprili na Mei ninayotaka kuitetea, kwa kuwa haina mtetezi. Wafanyabiashara wa utalii huiona kuwa miezi mfu. Safari za shule nazo zina mazoea yake: Maasai Mara mwezi wa Julai au Agosti, Mombasa ifikapo Desemba. Likizo ya Aprili hupita watoto wakikaa nyumbani, eti kwa sababu kunanyesha. Katika visiwa vya Karibi, mathalani Dominica, wageni hupungua kuanzia Juni hadi Novemba, mvua na tufani zinapotawala. Hata hivyo, wapo wasafiri wanaoingoja miezi hiyohiyo, wapate nafuu ya bei na utulivu wa mahali. Sisi tuna kijani chetu kilomita 260 hivi kutoka Nairobi, tena kisicho na tufani, na hatukiendei. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Anayehofia kunyeshewa kutwa nzima ajue kwamba siku ya Kericho ina ratiba yake. Asubuhi aghalabu huwa kweupe. Jua hupasha ardhi, hewa yenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Victoria, hukutana na pepo za mashariki, nayo hupandishwa na miinuko iliyo karibu na msitu wa Mau. Ifikapo alasiri, mawingu yameshiba na radi inanguruma. Mara nyingine huja mvua ya mawe. Wataalamu wa hali ya hewa huitaja Kericho, pamoja na milima ya Nandi, miongoni mwa mahali panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwalimu wa jiografia atafute wapi somo bora kuliko hilo, linalojifundisha lenyewe saa tisa za mchana?

Mwalimu wa lugha naye hatarudi mikono mitupu. Katika jamii za Wakalenjin, Wakipsigis wakiwamo, jina la mtoto huweza kuhifadhi hali ya saa ya kuzaliwa kwake. Kiprop ni mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Cherop au Jerop ni msichana wa namna hiyohiyo. Kipkemei na Chepkemei huwakumbusha watu msimu wa ukame. Basi darasani Bomet, mwalimu anapoita orodha ya mahudhurio, anasoma pia kumbukumbu za hali ya hewa za miaka kadhaa iliyopita! Nisingewahimiza wanafunzi hao watupe masika na vuli, maana ni maneno mazuri na ni mali ya Waswahili wote. Ningependa tu kitabu kikiri kwamba yana kwao.

Lakini sababu yangu kubwa ya kutaka watu waende mvuani si hewa wala majina. Mgeni anayepita wakati wa kiangazi huona zulia la kijani, hupiga picha, huondoka. Anayefika Mei huona kazi. Mvua ikikolea, mchai huchipua upesi, na kichaka kilichochumwa huwa tayari tena baada ya siku 7 hadi 14. Wachumaji huingia shambani mapema wakiwa wamevaa plastiki kiunoni na viatu vya mpira, umande ukiwa bado mzito, vidole vikitafuta majani mawili na chipukizi moja. Wengi hulipwa kwa kilo. Kwao mvua ni posho. Kisha wingu lilelile huangusha mawe, likachana machipukizi yote ya mlima mzima kwa muda wa robo saa, na vichaka huhitaji wiki kadhaa kupona. Mkulima mdogo wa Litein au Mogogosiek, anayepeleka majani yake katika viwanda vya KTDA, hutazama mbingu kwa jicho ambalo mtalii hana.

Kijani hicho kina historia ambayo haimo katika picha. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wenyeji waliondolewa na serikali ya kikoloni. Mnamo 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya ziwa. Madai ya fidia hayajazimika hadi leo. Ugomvi mwingine ni mpya: mashine za kuchuma chai. Mwezi wa Mei 2023, katikati ya msimu huohuo wa mvua ninaousifu, waandamanaji wa Kericho walizichoma moto wakisema zinawanyang'anya riziki. Siungi mkono uchomaji, ila mwanafunzi aliyewahi kuona mikono ile kazini ataelewa kilichokuwa kikitetewa.

Kwa mwalimu atakayethubutu, shauri langu ni hili. Fikeni Kericho jioni, mlale. Asubuhi shikeni barabara ya Litein, Sotik na Bomet, kwa kuwa ina lami. Njia za ndani ya mashamba huteleza mno, na basi likizama matopeni hakuna wa kulaumiwa ila dereva aliyebishana na wenyeji. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu. Chukueni makoti. Mkifika Bomet, simameni kando ya mto Nyangores, ambao Aprili huwa umejaa na rangi yake ni ya udongo. Maji ya upande wa Kericho hupitia Itare na Sondu yakarudi Ziwa Victoria, yalikotoka kama mvuke. Ya Nyangores hushika njia ndefu zaidi: huungana na Amala, yakawa mto Mara, na ndiyo hayo ambayo nyumbu huyavuka mwezi wa Agosti mbele ya mabasi ya shule zetu, kabla hayajaingia Tanzania na kulifikia ziwa lilelile karibu na Musoma.