Kibao cha Sikukuu kwa Mashine ya Kompyuta



Kibao cha "Noeli Njema" au "Idi Mubarak" ni kazi nzuri kwa wanaojifunza useremala. Mashine ya CNC, yaani ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, hufuata herufi bila kukosea. Lakini haijui mbao iliyowekwa chini yake. Hiyo ni kazi yako.

Mbao nyingi hutoka kwenye paleti za mizigo. Soma mhuri wake kwanza. HT maana yake ilitiwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo inafaa. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu: usiichonge, na tafadhali akina mama, msiipikie. Ng'oa misumari yote. Kisu huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kikigonga msumari huvunjika na vipande huruka.

Kisu chenye ncha ya nyuzi 90 huchimba upana ulio mara mbili ya kina. Mstari wa milimita 8 unahitaji kina cha milimita 4, basi usichague herufi nene kwa ubao mwembamba.

Bana ubao imara, vibanio vikae mbali na njia ya kisu. Vaa miwani na barakoa. Glavu usivae: kisu kikizinasa kitavuta na mkono.

Mwisho paka rangi ndani ya herufi, iache ikauke, kisha piga msasa juu. Rangi itabaki kwenye maneno tu.