Landilodi hana habari, lakini serikali inamlipia jirani yako nyumba

Wewe unayelipa kodi ya nyumba kule Githurai, serikali haikurudishii hata ndururu. Lakini jamaa anayelipia nyumba yake kwa mkopo wa benki huruhusiwa kuondoa riba ya hadi Sh30,000 kwa mwezi kwenye mshahara kabla ya kutozwa ushuru. Akiwa kwenye kiwango cha asilimia 30, anabaki na Sh9,000 mfukoni. Sasa niambie, hiyo ina tofauti gani na serikali kumtumia Sh9,000 kwa M-Pesa kila mwezi? Pengo kwenye Hazina ni lile lile. Ila pesa za HELB hupigiwa kura bungeni kila bajeti, huku punguzo lake likishakuwa sheria linajiendea tu kimyakimya. Na mwenye mshahara mnono zaidi, wa kiwango cha asilimia 35, anaokoa Sh10,500! Desemba 2024 riba hiyo iliongezwa kutoka Sh25,000. Wewe mpangaji uliongezewa nini?