Zana za Unix katika Nyumba ya Windows: Namna ya Kuchunguza Hitilafu

Katikati ya mwaka 2023 mwalimu mmoja wa hisabati, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu chuoni, alinijia na kompyuta ya mkononi aliyoinunua, ikiwa imekwisha kutumika, katika duka moja la Kariakoo. Mwalimu huyo anafundisha shule ya sekondari iliyomo Ilala. Alikuwa amesahihisha mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne na kuandika matokeo ya wanafunzi 94 katika faili moja. Kila mwanafunzi alikuwa na mstari wake, na daraja lake lilikuwa mwishoni mwa mstari: A, B, C, D au F. Alitaka orodha ya waliopata F, ili wapangiwe masomo ya ziada kabla ya mtihani wa Taifa wa mwezi Novemba.

Windows ya kompyuta ile ilikuwa na WSL, yaani sehemu inayoiwezesha kuendesha programu za Linux. Kwa hiyo mwalimu alitumia grep, zana ya Unix ambayo hutafuta maandishi katika faili na kutoa mistari yenye maandishi hayo. Kwa kuwa herufi F hupatikana pia mwanzoni mwa majina kama Fatuma na Faraja, aliongeza alama ya dola, ambayo kwa grep maana yake ni "mwisho wa mstari":

grep 'F$' alama.txt

Kompyuta ilijibu papo hapo. Ilitoa jina moja tu, nalo lilikuwa jina la mwisho katika faili. Hapakuwa na onyo lolote. Mwalimu alifurahi kwamba kati ya wanafunzi 94 ni mmoja tu aliyeshindwa. Orodha ilikuwa karibu kubandikwa ubaoni alipokumbuka kwamba siku mbili kabla alimrudishia msichana mmoja karatasi yenye F kwa mkono wake mwenyewe. Jina la msichana huyo halikuwamo.

"Mwalimu," aliniambia, "naona kompyuta hii imeingiwa na virusi. Fundi amenishauri tupige Windows upya."

Nilimwomba asubiri kidogo. Kompyuta ile ilikuwa nzima. Grep ilikuwa nzima. Hata faili lilikuwa zima. Hitilafu ilikuwa katika desturi mbili zilizokutana bila ya kuelewana. Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu za namna hiyo, na utaratibu ambao mwalimu au mwanafunzi aweza kuufuata ili kuzigundua.

Zana na nyumba zake

Unix ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Msingi wake ni zana ndogondogo, ambazo kila moja hufanya kazi moja na kuifanya vizuri. Tangu mwaka 1973 zana hizo zimeweza kuunganishwa kwa alama iitwayo bomba (|), ili yatokayo katika zana moja yaingie katika nyingine. Zana ya kutafuta hutafuta tu; ya kupanga hupanga tu; ya kuhesabu huhesabu tu.

Windows imerithi desturi za ukoo mwingine. Desturi hizo zilitoka katika CP/M ya mwaka 1974, zikapitia MS-DOS ya mwaka 1981. Koo hizi mbili zilikua mbalimbali, na kila ukoo ulijiwekea kanuni zake za kuandika mistari, kutaja mafaili na kutafuta programu.

Baadaye watu walitaka kutumia zana za Unix bila kuiacha Windows. Mwaka 1995 Steve Chamberlain wa kampuni ya Cygnus alianzisha Cygwin, ambayo hukaa kati ya zana na Windows kama mkalimani. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft yenyewe ilitoa WSL, na toleo la pili, lililotangazwa mwaka 2019, lina kiini halisi cha Linux. Wengine huzipata zana hizo kwa njia ya Git Bash, inayokuja pamoja na programu ya Git ya Windows.

Wakazi wa Ilala wanajua kwamba jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina lile lilipofanya makazi hapa lilibadili matamshi yake likawa la Kiswahili. Zana ya Unix haifanyi hivyo. Hata ikihamia nyumba ya Windows, huendelea kusoma na kuandika kwa desturi ya kwao. Asiyelijua jambo hili atalaumu mashine.

Herufi isiyoonekana

Msomaji aliyepata kuona taipureta atakumbuka wenzo uliokuwa kando ya mashine. Mpiga chapa alipofika mwisho wa mstari aliusukuma wenzo huo, na mambo mawili yakatendeka: karatasi ilipanda mstari mmoja, na kigari kinachobeba karatasi kilirudi mwanzo. Mashine za kupeleka maandishi kwa waya zilihitaji amri mbili kwa mambo hayo mawili. Kwa hiyo orodha ya herufi za kompyuta iitwayo ASCII, iliyotolewa mwaka 1963, iliweka namba 13 kwa kurudisha kigari na namba 10 kwa kupandisha karatasi.

Waliounda Unix waliona kwamba katika faili hakuna kigari wala karatasi. Alama moja yatosha. Basi mstari wa Unix huishia kwa 10 peke yake. CP/M, na baada yake MS-DOS na Windows, ziliendelea na alama zote mbili, 13 kisha 10. Alama hizi hazionekani kwenye skrini, lakini zimo ndani ya faili na kila moja huchukua nafasi yake.

Sasa tulitazame tena faili la mwalimu. Aliliandika kwa programu ya Notepad ya Windows. Kwa hiyo mstari wa mwanafunzi aliyepata F uliishia hivi: F, kisha 13, kisha 10. Zana ya grep iliitambua 10 kuwa ndiyo mwisho wa mstari. Kabla yake ilikuta 13, wala si F. Iliulizwa iwapo F ndiyo herufi ya mwisho. Ikajibu kwa kweli kwamba siyo.

Na kwa nini jina la mwisho lilitoka? Kwa sababu mwalimu alipomaliza kuandika mwanafunzi wa 94 hakubonyeza tena kitufe cha kuanza mstari mpya. Baada ya F ile hapakuwa na 13 wala 10. Mstari huo pekee ndio uliokuwa safi machoni pa grep.

Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kutobadili kitu chochote. Anayeanza kwa kufuta programu na kuziweka upya hupoteza ushahidi kabla ya kuusoma. Tengeneza nakala ya faili, ufanye kazi katika nakala hiyo.

Hatua ya pili ni kulinganisha jibu na jambo ambalo tayari unalijua. Mwalimu alijua kwamba wanafunzi ni 94 na kila mmoja ana daraja. Angalitoa amri hii, ambayo huhesabu mistari inayoishia kwa daraja lolote:

grep -c '[ABCDF]$' alama.txt

angalitegemea kupata 94. Faili lile lilitoa 1. Hesabu hiyo moja ingalitosha kumwonya.

Hatua ya tatu ni kuyafanya yasiyoonekana yaonekane. Amri ya file alama.txt hueleza faili ni la aina gani, na hutaja iwapo mistari yake imeishia kwa desturi ya Windows. Amri ya cat -A alama.txt huonyesha alama zilizofichika. Katika faili lile kila mstari, isipokuwa wa mwisho, ulimalizika kwa ^M$. Alama ya ^M husimama badala ya namba 13, kwa kuwa M ni herufi ya 13 ya abjadi ya Kilatini yenye herufi 26. Alama ya dola husimama badala ya namba 10.

Hatua ya nne ni kurekebisha jambo moja tu, kisha kupima tena:

tr -d '\r' < alama.txt > alama-safi.txt

Amri hii huondoa kila herufi ya namba 13 na kuandika matokeo katika faili jipya. Yafaa kutahadhari: usitumie jina la faili lile lile pande zote mbili. Faili la kuandikia hufunguliwa na kufutwa kwanza, hata zana ikija kusoma haikuti kitu.

Tulipoipa grep faili safi, hesabu ya madaraja yote ilikuwa 94, na waliopata F walikuwa 14. Msichana yule alikuwa mmoja wao.

Makosa mengine ya ukoo huo

Herufi ya namba 13 huleta pia kosa linalowashangaza wengi. Faili la amri, ambalo mstari wake wa kwanza ni #!/bin/bash, likiandikwa kwa desturi ya Windows, Linux hutafuta programu ambayo jina lake lina herufi 13 mwishoni. Programu hiyo haipo. Kompyuta hulalamika kwamba kitu fulani hakipatikani, ilhali mtumiaji anakiona mbele ya macho yake. Dawa yake ni ile ile.

Kosa la pili ni la njia za mafaili. Windows hutenganisha folda kwa mkwaju unaolalia kushoto (\), na Unix kwa mkwaju unaolalia kulia (/). Katika Bash mkwaju wa kushoto una kazi nyingine: huiondolea herufi inayofuata maana yake maalumu. Ukiandika cd C:\Alama\Kidato4 bila alama za kunukuu, Bash itasoma C:AlamaKidato4. Folda hiyo hiyo katika WSL kwa kawaida huitwa /mnt/c/Alama/Kidato4. Katika Cygwin ni /cygdrive/c/Alama/Kidato4. Katika Git Bash ni /c/Alama/Kidato4. Amri ya wslpath katika WSL, na cygpath katika Cygwin na Git Bash, hutafsiri njia moja kuwa nyingine. Jina lenye nafasi ndani yake, kama vile Kidato cha Nne, halina budi kuwekwa ndani ya alama za kunukuu.

Kosa la tatu ni la herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, Alama.txt na alama.txt kwa kawaida ni faili moja. Kwa Linux ni mafaili mawili.

Kosa la nne ni la majina yanayofanana. Windows ina programu iitwayo find, itafutayo maneno ndani ya faili. Unix nayo ina find, lakini hiyo hutafuta mafaili ndani ya folda. Katika Cygwin, au katika dirisha la amri la Windows, huenda ukamwita mmoja akaitika mwingine. Amri ya type -a find katika Bash, au where find katika dirisha la Windows, hukuonyesha ni yupi atakayeitika kwanza.

Kosa la tano linatuhusu hasa sisi tunaoandika Kiswahili. Tafuta Mtaa wa Narung'ombe katika orodha ya anwani iliyoandikwa kwa Microsoft Word, na huenda usiupate. Programu hiyo mara nyingi huibadili ritifaa iliyonyooka kuwa ritifaa iliyopinda. Kwa jicho letu hizo ni alama moja. Kwa grep ni herufi mbili tofauti kabisa. Ukiweka nukta badala ya ritifaa, yaani grep 'Narung.ombe', utapata zote mbili, kwa kuwa kwa grep nukta husimama badala ya herufi moja yoyote.

Fundisho kwa shule

Makosa yote haya yana sifa moja: zana ilitenda sawasawa na ilivyoagizwa, kwa kufuata desturi yake. Hatari kubwa haimo katika kosa linalopiga kelele, maana hilo litatafutwa. Hatari imo katika jibu la kimya linalofanana na jibu sahihi. Kwa mwalimu wetu jibu la namna hiyo lingaliwanyima wanafunzi 13 masomo waliyoyahitaji, na hakuna ambaye angalijua sababu. Kwa hiyo inafaa wanafunzi wazoezwe kujiuliza, kabla ya kutoa amri, wanategemea jibu la kiasi gani, na baada ya kupata jibu walipime kwa njia nyingine.

Orodha iliyobandikwa ubaoni ilikuwa na majina 14. Windows haikupigwa upya.

Maswali ya kujaribu

1. Andika mistari mitatu katika Notepad, bila kubonyeza kitufe cha mstari mpya baada ya mstari wa tatu. Itazame kwa cat -A katika WSL. Eleza kila alama unayoiona.

2. Amri ya wc -l huhesabu herufi za namba 10. Kwa faili la mwalimu ilitoa 93, ingawa wanafunzi walikuwa 94. Eleza sababu.

3. Mwanafunzi asema: "Amri haikutoa kosa lolote, basi jibu ni sahihi." Mjibu kwa kutumia mfano wako mwenyewe.